Watoto Waliokanwa Kantini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda, Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, wakuu wa idara, viongozi wa chama cha wafanyakazi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mlioacha mashine asubuhi hii mkaja na aproni zenu hadi ukumbi huu wa Kaloleni: hamjambo nyote?

Nimeitwa hapa niagwe, na kabla ya kuagwa niwasomee matokeo ya utafiti wangu wa mwisho. Figo zangu zimechoka, na daktari hakunificha, kwa hiyo neno "mwisho" nalitumia bila mapambo. Mwaka huu wa 1996, mimi na msaidizi wangu Bi Lenah tumechunguza jinsi wanaume na wanawake wa kiwanda hiki cha sabuni wanavyoishi pamoja kazini, na jinsi kazi na nyumba zinavyomvuta mtu mmoja huku na huku. Muhtasari wangu wakuu wanao tayari. Unasema kwamba wanawake wengi wa idara ya kufunga sabuni hawana watoto wadogo, wala wasiwasi wa nyumbani. Na kwa kuutegemea muhtasari huo, kuanzia Jumatatu wanawake hao wataingia shifti ya usiku.

Ndugu zangu, matokeo hayo si ya kweli. Naogopa kusema hivyo mbele yenu.

Nilijuaje? Wiki iliyopita Bi Lenah alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Fedha, kuniletea dawa, akanikuta nimefunga mtoto mgongoni kwa leso.

"Mwalimu, umeanza kazi ya yaya?" akanicheka. "Huyu ni wa nani?"

"Ni mjukuu wangu. Mama yake yuko kiwandani, idara ya kufunga sabuni."

Nilipomtaja mama huyo, kicheko kilimwisha. "Lakini huyo nilimhoji mwenyewe. Aliniambia hana mtoto." Akaziweka dawa mezani. "Na kuna fundi mmoja alinitajia watoto wake watatu kwa majina, akatoa hadi picha mfukoni. Mke wake nilimhoji siku hiyo hiyo. Akasema hana hata mmoja!"

 

Je, wanawake hawa ni waongo? Tuliwahoji wapi? Tuliwahoji kantini, kwa kuwa palikuwa na meza na viti, huku msimamizi wao akinywa chai yake pembeni. Mimi niliyewafundisha vijana wa chuo kikuu kwamba mtu mwenye hofu humjibu anayemtazama, wala si anayemuuliza, ndimi niliyeikubali kantini ile. Mwanaume akitaja watoto wake kazini, husemwa ana majukumu, apewe cheo. Mwanamke akiwataja, husemwa huyu kesho hatafika kazini, mtoto ameharisha. Na wengi wao ni vibarua, ambao mkataba wao hauhitaji kuvunjwa. Unaachwa tu uishe.

Sasa niwaambie jambo la nyumbani kwangu, ambalo kwa desturi yetu sisi watu wa magharibi ya Kenya ni aibu kulitamka hadharani. Mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Hampi mkono, wala hampokezi kitu. Mwanangu anafanya kazi ya reli Kisumu, na yaya tuliyekuwa naye aliondoka. Basi kila asubuhi mama huyu humlaza mtoto juu ya kochi, akarudi nyuma hadi mlangoni, ndipo nami nikaenda kumchukua. Hivyo ndivyo tumemlea mtoto huyo, mimi na yeye, bila kugusana vidole. Mchana namlea mimi. Usiku maumivu hunishika, siwezi kuinuka hata kumgeuza. Na nikishaondoka duniani, je?

Nilimwambia ninachotaka kusema leo. Alisimama pale mlangoni, uso ameuelekeza nje.

"Baba, ukisema, watatutafuta mmoja mmoja."

"Nisiposema?"

"Usiposema, Jumatatu usiku nitamwachia nani mtoto?" Akafunga kamba za aproni yake. "Jina langu usilitaje. Lakini usinyamaze."

Sikulitaja, wala sitalitaja. Ninachoomba, Mheshimiwa Mkurugenzi, ni hiki: shifti hiyo isimame, na utafiti urudiwe mbali na kiwanda, mbali na macho ya...

Nani huyo amesimama kule nyuma? Macho yangu hayafiki. Sema kwa sauti, mama.

Amesema yeye ni Phelister, wa kufunga sabuni. Amesema, kwa wale ambao hawakusikia: "Mwalimu, mimi niko na wawili. Kama ni kufutwa, wanifute nikiwa nimesema."

Naona wengine wawili wanasimama. Na yule wa kando ya dirisha. Mama zangu, sikuwaomba msimame. Nilimwogopea mmoja tangu alfajiri, sasa mmenipa wanne. Wengi wameketi wakitazama sakafu, na siwalaumu hata kidogo. Mmoja wao ndiye anayenipikia uji.

Mheshimiwa Mkurugenzi, msimamizi wako anakunong'oneza sikioni, na anawatazama hao waliosimama. Nakusihi usimsikilize kwanza. Sema wewe, sasa hivi, Diwani akiwepo na Mchungaji akiwepo, kwamba hakuna hata mmoja kati yao atakayepoteza kazi kwa kukiri kwamba amezaa. Ukingoja hadi Jumatatu, utawajibu wao peke yao, mmoja mmoja, ofisini kwako, na mlango umefungwa.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Kipaza sauti hiki nampelekea Mkurugenzi. Tafadhali, mliosimama, msiketi bado.