Wasifu wa Mwalimu Nani-Kasema, Wenye Uongo Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, walimu na wanafunzi,

Huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mume, baba, kaka, babu na mwalimu. Wengi mlimwita Nani-Kasema, naye aliitika. Kwa agizo lake mwenyewe, wasifu huu una jambo moja lisilo la kweli. Litatajwa kabla ya udongo kushuka. Mnaombwa kusikiliza vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1959, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi viatu na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa maswali. Baba yake alipochoka kujibu, alimpa misumari midogo aishike mdomoni, kama wafanyavyo mafundi viatu, ili benchi lipate kimya kidogo.

Alianza shule Januari 1967. Katika mtihani wa kumaliza darasa la sita, mwaka 1972, aliibuka wa kwanza darasani. Alimaliza sekondari mwaka 1978, akaenda chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka 1981. Mwaka uliofuata aliajiriwa kufundisha historia katika shule ambayo hakuihama tena.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na karani wa posta. Siku ya kwanza alipomwambia kwamba hakuna mrembo kumshinda mtaa mzima, karani hakuinua hata macho kutoka kwenye mihuri yake. "Nani kasema?" aliuliza. Kesho yake marehemu alirudi dirishani. "Nimeuliza watu wawili," alisema. "Mmoja ni mama yako." Walijaliwa watoto watatu, na swali lile la dirishani likawa kazi yake ya maisha.

Mwaka 1988 alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha mwisho kwenye safu ya madarasa, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Yeye na seremala wa shule waliyageuza madawati hayo kuwa rafu. Rafu ya chini bado ina tundu la kidau cha wino. Hiyo ndiyo ikawa maktaba, na humo aliwafundisha watoto wa darasa la sita hadi la nane kutafuta mambo wenyewe.

Mtoto mmoja alipokuja kusema, "Mwalimu, nataka kutafiti maji," alimwuliza, "Maji yapi? Ya mvua, ya kunywa, au ya lile bomba linalovuja pale nje?" Mtoto huyo alikwenda kwa fundi bomba, akasoma, akarudi na sababu ya kuvuja. Bomba likatengenezwa. Kunakili alikukataa kabisa. "Funika kitabu, kisha nisimulie," alisema. "Ukinakili umebeba mzigo wa mwenzio, na hujui ndani mna nini."

Kila Jumatatu aliandika ubaoni sentensi moja ya uongo. Kazi ya watoto ilikuwa kuibomoa kwa vitabu viwili na mtu mmoja anayelijua jambo lenyewe.

Mwaka 1999 chumba kile nusura kirudi kuwa stoo. Mkaguzi alikuja kuamua, na kwa bahati mbaya alikuja Jumatatu. Ubaoni paliandikwa: *Nyangumi ni samaki mkubwa kuliko wote.* Mkaguzi alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri sana. Ni kweli kabisa."

Msichana wa darasa la saba alisimama. "Nani kasema, mheshimiwa?"

Mkuu wa shule alitoa leso akajifuta jasho.

"Mimi nimesema," mkaguzi alijibu.

"Haya, shikamoo. Wewe tutakuhesabu kuwa yule mtu mmoja. Bado vitabu viwili."

Marehemu hakumkemea msichana. Alivuta kigoda, akamkaribisha mgeni, akamwonyesha faharasa kwenye kurasa za mwisho na jinsi ya kulifuata neno hadi ukurasa wake. Mkaguzi alipekua mwenyewe, miwani ikiwa puani. Alipofika mahali panaposema kwamba nyangumi hunyonyesha watoto wake, alicheka mpaka meza ikatikisika. Maktaba haikuguswa tena.

Alistaafu mwaka 2019, lakini Jumatatu alikuwa akionekana pale pale. Mrithi wake ni yule yule msichana wa nyangumi, ambaye sasa ndiye mkutubi wa shule. Machi 2023 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Daktari alipomwambia, "Mzee, utapata nafuu," aliuliza nani kasema, na daktari, bila kinyongo, alimwita mwenzake awe wa pili.

Kila Jumapili mkutubi alifika kitandani kuchukua uongo wa wiki. Hofu ya marehemu ilikuwa moja tu: kwamba siku akinyamaza, ubao nao utanyamaza. Jumapili ya mwisho alimwambia, "Wiki hii tunga wewe." Mkutubi alisema hawezi. "Nani kasema?" aliuliza marehemu, akafumba macho. Jumatatu jioni mkutubi alirudi kumwambia kwamba ametunga, na kwamba darasa la sita wameubomoa kabla ya mapumziko. Marehemu alicheka, akaomba uji, akaumaliza. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Kuhusu uongo wa leo, mkewe alikuwa amemwuliza, "Msibani, baba watoto?" Alijibu, "Kila wasifu una uongo, mama. Wangu utakuwa na mmoja tu, na utatajwa."

Basi ni huu: hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa tatu kutoka mkiani, na darasa la sita alilirudia. Shahidi ni dada yake mkubwa, ambaye rasimu iliposomwa nyumbani alishtuka: "Wa kwanza? Huyu niliyekuwa nikimfanyia hesabu?" Marehemu aliuchagua uongo huu mwenyewe, ili watoto wanaoshika mkia wausikie ukweli wake mbele ya watu.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili, mdogo wake mmoja wa kiume, na chumba kimoja chenye rafu za madawati. Jumatatu kitafunguliwa, na ubaoni kutakuwa na sentensi.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Na ukiuliza nani kasema umeishi vizuri, tumesema sisi tuliosimama hapa, na tumezidi wawili.