Bi Kizingiti Anashuka Ngazi ya Matao

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kampuni yetu ya uwekezaji wa majengo ya biashara, meneja wetu wa mikopo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye kadi ya mwaliko, lakini kwa kuwa hakuna anayelitumia, humu tutamwita tulivyomzoea: Bi Kizingiti.

Jina hilo alilipata kwa haki. Aliingia kama karani wa kodi za pango, akasoma masomo ya fedha jioni huku akilea watoto wawili, akapanda hadi meza ya mikopo. Tangu hapo hakuwahi kuidhinisha hata senti ya kununua au kukarabati jengo bila kwanza kukaa kizingitini pake siku nzima ya soko. Wengine huomba ripoti ya mthamini. Yeye aliomba ripoti, kisha akaazima kigoda. Alitaka kuona watu wanaingia wapi, wanageukia wapi, na wapi wanapita bila kutazama. Safari moja mteja alimdhania muuza viatu. Naye, kwa kuwa fundi viatu aliyemwazima kigoda alikuwa ameenda kula, akauza jozi mbili na kukataa katakata kupunguza bei. Fundi anasema hajawahi kupata msaidizi mwenye roho ngumu kiasi kile.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Jengo la Matao, lile letu la mawe linalotazamana na soko kongwe. Ghorofa ya juu ilikuwa tupu miaka mingi, paa likivuja, na mnunuzi alikuja na bei nono ili alibomoe. Wakurugenzi walikuwa wameshakubaliana. Wapangaji wa chini, mafundi cherehani, fundi viatu na muuza vyombo, walianza kufungasha. Bi Kizingiti aliomba siku moja tu ya soko, na akamtaka mwenyekiti, mtu aliyeogopa vumbi kama paka anavyoogopa maji, akae naye.

Wakakaa. Mwenyekiti aliona watu wakivuka barabara makusudi ili wapite kivulini chini ya matao, na wakishapita hapo, wananunua. Aliona pia kwamba hakuna aliyepanda juu, maana ngazi ilikuwa nyuma, kwenye uchochoro wa vyoo. Bi Kizingiti akaomba mkopo wa kutengeneza paa na kuileta ngazi mbele. Jioni ile mwenyekiti alimwambia mbele yetu sote: "Nakupa mwaka mmoja. Mambo yasipokwenda tunauza, na wewe utafute kazi kwingine."

Akajibu, "Sawa, mzee."

Nusu ya kwanza ya mwaka tuliishi roho juu. Hakuja mpangaji mpya hata mmoja, na baadhi ya watu walianza kumkwepa kwenye korido. Yeye hakulalamika. Alihamishia ofisi yake kule juu, na kila aliyetaka saini yake akalazimika kupanda ngazi mpya. Mtu akishapanda huchungulia dirishani, na pale dirishani soko zima liko chini yako. Daktari wa meno alipanda kuomba mkopo, akashuka na mkataba wa chumba. Akafuata mwanasheria, kisha chuo cha ushonaji. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka ulipoisha, hakukuwa na chumba kitupu. Leo jengo hilo ndilo linalolipa sehemu kubwa ya mishahara yetu, hata ya wale waliomkwepa. Tunajivunia, na hatuoni aibu kusema hivyo.

Mwezi uliopita ilikuja tena ofa ya kulinunua, nono kuliko ile ya kwanza. Wakurugenzi walimwomba maoni. Akawaambia yeye anaondoka, waamue wenyewe. Wapangaji hawakulala. Siku ya soko iliyofuata, wakurugenzi wote watano walionekana wamebanana kizingitini na suti zao tangu asubuhi, na fundi viatu akalalamika kwamba hana pa kukaa. Jioni waliikataa ofa.

Bi Kizingiti, asante kwa kutufundisha kutazama. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa asubuhi na wajukuu wasiokuchosha sana. Siku ya soko karibu wakati wowote. Kigoda utakikuta kimekaliwa, lakini tutakupisha.