Uso wa Renante Nyuma ya Jeneza la Jomel

Leonisa binti yangu kanishika mkono hapo mlangoni, ananiambia, Mama umechanganyikiwa, utatundikaje sura ya mtu aliye hai nyuma ya jeneza, si unamwitia kifo kaka yangu huko aliko baharini, nami nikamwambia, Niachie mkono, kaka yako nimemzaa mimi, na huyu aliyelala hapa nimemlea mimi, bango halishuki. Kwa hiyo msilishangae, nitawaambia limefikaje, na tarehe wajukuu wamenikaririsha maana kusoma sijui, nikikosea nyamazeni.

Marehemu Jomel Faulan alizaliwa tarehe 3 Februari 1998 hapa hapa Miagao, chumbani kwangu, mtoto wa pekee wa mwanangu Renante, baharia, na mkewe Marivic, ambaye alifariki Jomel ana miaka minne, na tangu hapo akawa wa mgongoni kwangu.

Alisoma shule hizi za hapa karibu na kanisa, akamaliza mwaka 2014, baba yake akampeleka chuo cha mabaharia Iloilo mjini, na likizo akawa anashinda kwa mzee Berto mchapa mabango, yule pale, anamsaidia kuyakata, ndipo alipoiona ile kompyuta ya kuchorea, na mwaka 2016 akaacha chuo. Renante akapiga simu toka melini, nyumba nzima ikasikia, Mimi naoza kwenye mafuta na kutu ili wewe ukae kuchezea mausi ya kompyuta, usinipigie tena mpaka uvae sare! Jomel akasema, Haya Baba, na hiyo haya ndiyo ilikuwa ya mwisho kati yao, miaka saba, mimi katikati nabeba salamu ambazo hakuna aliyenituma.

Kazi yake ilikuwa kuchora, na msidhani ni kubonyeza tu, alikuwa anaweka kidoti hapa, kidoti pale, anavuta mstari unapinda kama unyoya wa jogoo, usiku mwingi anatazama mafunzo kwenye simu huku wali unapoa. Akaniambia, Bibi, picha ya simu ukiikuza inavunjika vipande kama mchele uliomwagwa, lakini hii yangu ni mistari, ikae kwenye simu ya mtu ndogo kama kucha au ukutani kubwa kuliko mlango wa kanisa, haiharibiki. Mwanzo alikosea, bluu inayong'aa kwenye kioo cha kompyuta ikichapwa inageuka, na sikukuu moja vazi la mtakatifu wetu likatoka rangi ya bilinganya, padri akacheka mpaka akakaa chini, Jomel akalia, kisha akajifunza rangi za karatasi na rangi za kioo. Mliofaulu mitihani ya serikali, sura zenu kwenye mabango ya pongezi pale getini kwenu kachora nani? Na mchoro wa mkate unaouona kwenye simu unapoagiza kwa Leonisa, nani?

Mke hakuoa, mtoto hakupata, naomba hapo nipite.

Mwezi wa nane mwaka huu nilimwambia, Baba yako mkataba wake unaisha Oktoba, anarudi, na kesho yake akatoa kijipicha cha Renante kilichokwaruzika, cha kitambulisho, akaanza kumchora kidoti kwa kidoti, bango la kumkaribisha getini. Kwenye kile kijipicha Renante kanuna, basi akaja jikoni akaniuliza, Bibi, Baba akicheka mdomo wake unakwendaje, mimi sikumbuki. Nikaacha kumenya vitunguu nikamchekea, maana Renante kachukua mdomo wangu, akachora, akasema, Usifunge, Bibi, usifunge kwanza.

Homa ilimkuta hapo hapo kwenye kuchora, akasema, Ni mafua tu, Bibi, niache nimalize macho, kumbe ni dengi, ile homa ya mbu, tukamfikisha hospitali damu inamtoka puani, na alfajiri ya tarehe 19 Septemba 2023 akaniacha.

Nawashukuru madaktari na manesi waliomhangaikia, majirani mliokesha na karata na kahawa, na mzee Berto na vijana wake, waliolikuta bango limekamilika kwenye kompyuta wakalichapa bila kugusa mstari.

Jomel, lala baba, bibi yako yuko hapa.

Nanyi wenye simu, meli haikuweza kumshusha Renante, jana alipiga akawa analia tu mpaka mtandao ukakatika, basi lipigeni picha hilo bango, mmoja wenu amfikishie, Leonisa namba anayo na atawapa, mwambieni lilikuwa lake, la getini, na mwambieni mwanawe amemchora anacheka.