Vidole Viwili vya Stendi

Pale Karatu mjini, upande wa kuelekea geti la Ngorongoro, kuna benchi la mbao limeegemea ukuta wa karakana ya Eliud, fundi wa kuchomelea. Judith anauza kahawa hapo, na wanywaji ni wale wale. Yupo Hilary, aliyeendesha watalii miaka kumi na moja na ambaye kila hoja yake inaanzia bondeni kwa tembo, ndiyo maana anaitwa Krateri. Yupo Josephati, aliyewahi kuuza vipuri vya pampu za maji, akajipa mwenyewe jina la Injinia. Na yupo Lemayian wa Piyaya, mfanyabiashara wa ng'ombe, anayeitwa Kilomita kwa sababu hajawahi kusimulia safari bila kuhesabu. Watu wema wote watatu. Ila kama una haraka, usikae nao. Asubuhi hiyo Silvanus, dereva wa bodaboda, alikuwa na haraka, na bado akakaa.

Pikipiki yake ilikuwa imelala chini kwa ubavu wa kulia, mara ya tatu tangu kupambazuke.

—Chalii yangu, hiyo imelewa, alisema Krateri.

—Haijalewa. Nimeishusha jana.

—Umeishusha wapi?

—Nimeishusha kimo, mzee. Shokapu fupi nyuma, mbele nako kumeteremshwa. Na sponji nimeipunguza, kiti kimeshuka shibiri nzima.

—Kwa ajili ya mashindano?

—Kwa ajili ya mama.

Mama yake Silvanus, Mama Germana wa Qurus, wote wanamfahamu. Nyonga imemkataa mwaka wa pili sasa, mguu haupandi juu ya kiti cha pikipiki ya kawaida. Siku hiyo saa nane mchana alikuwa anasubiriwa na daktari wa mifupa, yule anayekuja mara moja kwa mwezi, na mwezi uliopita walimkosa. Mvua ya juzi ilikuwa imekata njia ya Qurus, magari na bajaji hayapiti. Ilibaki pikipiki tu. Esta, dada yake Silvanus anayeishi na mama, alikuwa zamu huko lodji anakofua mashuka, kwa hiyo hakuna wa kusaidia. Silvanus atasimamisha chombo kwa stendi ya pembeni, atambeba mama kwa mikono yote miwili, atamkalisha.

Tatizo ni kwamba pikipiki imeshuka na stendi imebaki na urefu wake ule ule. Badala ya kuiegemeza, sasa inaisukuma iwe wima, na ukiigusa tu, inaangukia upande wa pili. Kila ilipoanguka, Silvanus alimwona mama yake chini ya pikipiki.

—Tumia stendi kubwa ya katikati, alisema Injinia.

—Ile inainyanyua juu. Mama hafiki. Tutakuwa tumerudi kule kule.

—Basi kata hiyo ya pembeni.

—Ndicho nilichomfuatia Eliud. Ananiuliza akate kiasi gani.

Eliud alikuwa amesimama mlangoni na mashine yake ya kukatia mkononi, miwani myeusi kwenye paji la uso.

—Nioneshe alama tu, alisema. Kukata ni dakika moja. Kurudisha nilichokata ndiyo shughuli.

Saa ilikuwa nne na nusu.

—Vidole vinne, alisema Krateri. Tena nikueleze kitu wasichokijua mafundi. Pikipiki zote za Karatu zinaangukia upande wa krateri. Lile shimo linavuta.

—Linavuta pikipiki?

—Linavuta kila kitu! Kwani mawingu yanaenda wapi kila asubuhi?

—Acha utani, Krateri, alisema Injinia. Hapa ni hesabu. Mwekee stendi ya pili, upande wa kulia. Kushoto moja, kulia moja. Ng'ombe ana miguu mingapi?

—Minne, alijibu Kilomita.

—Umeona? Magurudumu mawili, stendi mbili.

—Na akisahau kupandisha moja akaondoka? aliuliza Eliud.

—Hapo tutaongeza kengele.

Kilomita alisogeza shuka lake begani. Alikuwa kimya muda mrefu, na kwake huo ni ugonjwa.

—Mimi nimeswaga punda kutoka Piyaya mpaka Soitsambu, kilomita nilizihesabu zote, acha tu. Punda akilalia upande mmoja tunahamisha mzigo. Hatumkati mguu. Funga jiwe kushoto.

—Jiwe kubwa kiasi gani?

—Mama ana kilo ngapi?

—Kilomita, unataka mama yangu asafiri na jiwe?

—Asafiri nalo, ndiyo. Mkifika hospitali mnalishusha.

Judith alicheka mpaka birika likatikisika. Silvanus hakucheka. Aliwapenda wazee hawa, lakini wakati huo alitamani wote wawe mabubu kwa nusu saa.

—Jamani, alisema. Mama yangu akianguka leo, hanyanyuki tena. Nipeni kitu cha kweli.

Krateri aliweka kikombe chini. Alisimama, akafunga koti.

—Basi mimi ndiye Mama Germana. Nipandishe.

—Mzee, wewe ni mzito.

—Nipandishe, nimesema.

Silvanus alimshika makwapani, akamkalisha kiubavu, taratibu. Uzito ulikandamiza shokapu, kiti kikashuka zaidi, pikipiki ikasimama wima kabisa, ikasita, ikaanza kuangukia kulia. Injinia alidaka usukani. Kilomita alimdaka Krateri, na kahawa ya watu wawili ikamwagika. Krateri alikuwa ameshika kiuno, macho yamemtoka.

—Mama wa watu, alisema. Mama wa watu angekufa.

Kumbe ilikuwa mbaya kuliko alivyodhani: alikuwa anaipima ikiwa tupu, na mzigo ndio unaoishusha kabisa.

Kuanzia hapo utani uliisha. Walimrudisha Krateri kitini, safari hii Injinia na Kilomita wakaishikilia pikipiki huku na huku ikiwa imelala kidogo kushoto kama inavyotakiwa, na Eliud akapiga magoti, akachora alama kwa chaki pale stendi ilipozidi. Vidole viwili. Silvanus alisema kata, akageuka asione. Cheche ziliruka, kipande kikaanguka, kitako cha stendi kikachomelewa upya.

Kisha wakajaribu. Krateri alikaa. Injinia alikaa. Kilomita alikaa na fimbo yake na kupunga mkono kwa gari la watalii lililokuwa linapita. Pikipiki ilitulia, imeegemea vizuri, haitikisiki.

—Vidole viwili! alisema Krateri. Si nilisema vidole?

—Ulisema vinne.

—Vyangu ni vyembamba.

Wakati huo mama mmoja, Angelina, ambaye hakuna aliyewahi kumwona hapo, alikuwa amekaa pembeni akisubiri Eliud amchomelee mguu wa jiko. Alikuwa ametazama yote bila kusema neno.

—Samahani, baba zangu, alisema. Hapa mmeipimia kwenye mteremko wa mtaro. Huko kwa mama uani kukoje? Tambarare, au nako kunateremka?

Wote walimgeukia Silvanus, maana hilo ni la kwake.

Mama alihamia kwa Esta mwaka jana, baada ya msiba wa baba. Silvanus hupita kila Jumamosi na unga, sukari, dawa. Alitafuta uani kichwani mwake, akaona ua wa michongoma, akaona njia. Ndani ya ua hakuona kitu.

—Sijui, alisema.

—Kwani ukienda huwa unaiegesha wapi?

—Huwa siegeshi. Nasimama barabarani, sizimi hata injini. Napiga honi, mama anatoka, nampa mfuko.

Angelina hakumlaumu. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua:

—Na nyonga hiyo, mpaka barabarani huwa anafikaje?

Krateri alitazama mlima. Injinia alitazama kipande cha chuma chini. Hata Kilomita, mwenye hesabu ya njia zote, hakujua ni hatua ngapi kutoka mlango wa Mama Germana mpaka barabarani.