Ncha ya Uzi: Kumuaga Mzee Dismasi wa Maabara

Mzee Dismasi ameitumikia maabara yetu hapa Gungu kwa miaka thelathini na mitatu, na tarehe 30 Juni anastaafu. Mimi Dunia, ninayeosha chupa zake, nimepewa kazi ya kumwelezea. Shule sikwenda. Nimesema, Leonia wa masijala akachapa, nikamkanya asinipambe.

Alitoka Kagunga kijana mwembamba, suruali imemshinda kiunoni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka mialoni, mitumbwi inakotua, akichota maji ya ziwa kwenye vichupa, akitafuta vimelea vya kipindupindu. Wavuvi walimcheka, ziwa lote hili yeye anachukua kijiko. Akawajibu kwamba ugonjwa nao hauhitaji zaidi ya kijiko. Toka siku hiyo wakaanza kumsalimia.

Mjini wanamkumbuka kwa kipindupindu. Sisi wa ndani tunamkumbuka kwa protini. Kimelea kile, kidogo hata macho hayakioni, kina ngozi mbili, ya nje na ya ndani. Kwenye ngozi ya nje imekaa protini ambayo Mzee aliihangaikia kama mama mwenye mtoto asiyenyonya. Yeye alivikuza vimelea, akaitoa protini, akaisafisha. Wenzake wa mbali wakaipiga kwa miale, kama ile ya eksirei, mpaka umbo lake likaonekana.

Picha ilipofika alinifuata kwenye karo, mikono yangu imejaa sabuni, akanionyesha. Nikaona vikapu vitatu visivyo na kitako, vimeshikamana ubavu kwa ubavu. Kila kikapu ni uzi mmoja tu, umesukwa kwenda na kurudi mpaka ukakutana. Katikati pako wazi, chakula kinapita. Akaniambia kwamba protini hiyo ina kazi nyingine, kupeleka habari kimelea kinapopatwa na msongo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamuuliza kama bakteria naye ana mume mlevi.

"Ana nyongo ya tumbo lako inayomuunguza, Bibi," akasema. "Hiyo inamtosha."

Basi akaniomba nimsukie mfano wa kuwaonyesha wanafunzi. Nikasuka vikapu vitatu kwa ukindu na kila ncha nikaichomeka ndani, maana kikapu chenye ncha zinazoning'inia huwezi kumpelekea mkwe. Mzee akavisifu, kisha akaingiza kucha akafumua ncha ya kimoja. Nilitaka kumpiga. Akaeleza taratibu: siku njema ncha zote zimefichwa, kama nilivyofanya. Shida ikija, vikapu vipya havisukiki vizuri, ncha zinabaki nje, na ncha hiyo humgusa mlinzi, naye ni protini nyingine, aliyekaa kwenye ngozi ya ndani. Mlinzi akiguswa, habari hufika ndani, na kimelea huanza kujitengeneza kabla hakijafa. Kumbe ncha niliyoionea aibu ndiyo mdomo wake.

Sasa nimseme. Mtu aliyejua yote hayo, mwezi wa tatu mwaka huu alianguka mlangoni pa chumba cha baridi. Presha. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu Krismasi na hakumwambia mtu, hata mkewe Yunisi wanayelala naye kitanda kimoja. Daktari wa hospitali alituambia wazi kwamba akianguka tena huenda asiinuke. Nikamsogelea kitandani.

"Wewe Dismasi, mdudu asiye na kichwa anasema anaumwa, wewe mwenye kichwa unanyamaza?"

"Mseme, Bibi," Yunisi akasema. "Mimi nimesema mpaka nimechoka."

Mzee akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Hatukujua kama analia au anacheka.

Aliporudi kazini, mkuu wetu, Dokta Angelina, alimwomba kwa nia njema abaki mwaka mmoja kwa mkataba, kazi nyepesi, awafundishe vijana. Mzee akaomba muda wa kufikiri. Hapo wote tukaogopa kwamba atakubali, kwa sababu mtu huyu hajawahi kukataa kazi tangu tumjue. Yunisi alikuja kutoka Ujiji akakaa nami jikoni, hakugusa hata chai. Alisema ameolewa na mtu ambaye atakufa akisema hajambo.

Juma lililopita tulikuwa wote mezani, chai na mihogo ya kuchemsha. Dokta akamuuliza amefikia wapi na ule mkataba. Mzee akaweka kikombe chini.

"Dokta, nimechoka," akasema. "Na kichwa kinaniuma hata sasa hivi."

Dokta Angelina hakuzungumza tena habari ya mkataba. Aliinuka, akamshika Mzee mkono, akampeleka mwenyewe kupimwa presha. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Mzee Dismasi, asante kwa vijana uliowafundisha kunawa kabla ya kujisifu. Asante kwa watoto wa mwambao huu ambao wamekua bila kukujua. Chupa zako nitaziosha vilevile. Nenda nyumbani Ujiji ukale samaki, migebuka ya Yunisi ikiwa moto, ulale mchana, na ukiumwa useme, hata kama ni kidole. Uishi vizuri, baba, tena uishi sana.