Historia ya Dada Yetu, Mama Mashuka

Waombolezaji wenzetu, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, kazi yake kwanza, kisha nyumbani kwake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya manispaa, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa fundi bomba na mshonaji. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, kisha sekondari ya wasichana hadi 1970, na mwaka 1971 akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu Novemba 1974.

Tarehe 2 Januari 1975 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya watoto, akahamia wodi ya upasuaji mwaka 1983, na mwaka 1991 akateuliwa kuwa muuguzi mkuu, wadhifa alioushika hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2013.

Mwaka 1992 alimkuta muuguzi kijana akilia katika chumba cha mashuka, kwa kuwa alikuwa ameagizwa kumwandaa kwa upasuaji mgonjwa ambaye hakuwa ameelezwa atakatwa nini. Marehemu hakumpa pole wala hakumkaripia, bali alimkabidhi ncha ya shuka na kumwambia, "Shika pembe, mwanangu, tukunje huku unaniambia." Shuka la tatu lilipokwisha waliongozana hadi kwa daktari, yule kijana akasema mwenyewe, na mgonjwa akaelezwa. Tangu hapo, kila Jumatano baada ya kupokezana zamu za mchana, muuguzi aliyebanwa kati ya amri na dhamiri alijua pa kwenda, na kila mmoja alisikia sharti lile lile: "Nitakwenda nawe, sitakwenda badala yako." Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Mama Mashuka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mwalimu wa hisabati, marehemu shemeji yetu, aliyependa kulalamika mbele ya wageni kwamba nyumbani kwake hata taulo la jikoni limekunjwa kama linakwenda chumba cha upasuaji. Walijaliwa binti, ambaye ni mhasibu, na mwana, ambaye ni fundi umeme, pamoja na wajukuu wanne.

Februari 2023 alianza kuumwa tumbo, akalazwa tarehe 6 Machi katika hospitali ile ile, na tarehe 13 vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, iliyokwisha kusambaa. Kaka yetu mkubwa, kwa niaba yetu sote, aliwaomba wahudumu wamwambie kwamba ni vidonda vya tumbo, nao kwa kutuheshimu wakakubali.

Jumatano, tarehe 15, muuguzi aliyeajiriwa miaka mingi baada ya marehemu kustaafu, aliyemfahamu kwa lile jina la utani tu, alikuja kubadilisha matandiko, na kila alipoulizwa juu ya vipimo akawa anakwepa kumtazama. Marehemu aliketi, akashika pembe mbili za shuka safi, akamuuliza, "Nani kakukataza kusema?"

"Ndugu zako, bibi."

"Basi twende kwao. Nitakwenda nawe."

Walitoka wodini, muuguzi akisukuma stendi ya dripu na marehemu akiishikilia, wakatukuta kwenye benchi la ukumbini, na muuguzi akatueleza, kwa sauti ndogo lakini bila kusita, kwamba hawezi tena kumdanganya mgonjwa wake. Kaka alijitetea kwamba tuliogopa asije akakata tamaa, marehemu akamjibu, "Ugonjwa ninao, kaka, na ujinga mnataka kuniongezea?"

Daktari alimweleza yote alasiri ile. Marehemu alichagua kurudi nyumbani, akakaa na wajukuu, akaigawa mikufu yake kwa mkono wake, na akaagiza kwamba siku ya leo ugonjwa wake utajwe kwa jina lake, isisemwe kwamba aliugua kwa muda mfupi. Alifariki tarehe 2 Mei 2023, saa nne asubuhi, wanawe wakiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupokea zamu za kumwuguza, na wauguzi wenzake, ambao bado wanakutana kila Jumatano, na kwa namna ya pekee yule muuguzi aliyetufuata benchini, ambaye tulimtwisha uongo wetu na bado akatuamkia kwa heshima.

Dada, pumzika kwa amani, hukufichwa neno.