Ringi Lililolia Yadini Kwangu

Bwana asifiwe! Na nyie mlioketi nje kwa kukosa viti, Bwana asifiwe sana!

Ndugu zangu, mimi ndiye yule wa vyuma chakavu hapa Kawajense. Leseni ninayo, nimeitundika ukutani. Sheria inataka kila anayeniuzia chuma nimwandike jina na kitambulisho, lakini lile daftari nilikuwa nalikalia. Ukimuuliza mtu jina anakwenda kwa jirani! Nikanunua hata mpini wa pampu ya kisima. Watu wa kisima kile walikunywa nini, sikuuliza. Jumapili niko hapa naimba.

Mama yangu nilikuwa nimemleta kutoka Litapunga, macho yamemwishia kabisa. Asubuhi moja ameketi yadini anaota jua, akaja mtu na ringi la lori. Nikapima, nikamlipa, akaondoka. Sasa mimi kila chuma lazima nikigonge nyundo, nijue ni cha aina gani. Nikaligonga.

Ndugu zangu, lililia! Mama akafanya ishara ya msalaba, akaanza kupapasa fimbo yake.

"Mwanangu, kwani leo Jumapili? Mbona kengele ya kwetu inagonga?"

Mnajua makanisa yetu ya vijijini, kengele ni ringi, linaning'inizwa na kugongwa kwa nondo. Hilo ndilo lililolia tukimzika baba. Nimekua nikilisikia, nikalinunua kama takataka! Aliyelitambua ni asiyeona. Nilipiga magoti kwenye kutu. Mungu kunifuata mpaka kwenye skrepa, mimi ni nani?

Jela niliiogopa, sifichi. Lakini nilibeba ringi na daftari tupu mpaka polisi, nikasema yote. Wakafunga yadi, wakaniweka ndani. Humo ndani, ndugu zangu, nililala usingizi ambao sikuwa nao miaka!

Nilipoachiwa, polisi wakanikabidhi ringi, nikalirudisha Litapunga mwenyewe, nikitegemea matusi. Mzee wa kanisa akanikabidhi nondo.

"Gonga, watu waje."

Nikagonga huku nalia. Wakaja kutoka mashambani, wengine na majembe begani, wakanipokea. Haleluya!

Yadi imefunguliwa tena. Mtu akileta chuma, kabla sijashika nyundo namuuliza jina lake na alikokitoa. Asante Yesu! Nawe ndugu yangu uliyekalia jambo, inuka uje, usiogope. Huyu aliyenifuata kwenye kutu hana haja ya kukuuliza jina, analijua.